Mfuko Usio na Saba

"Baba, mbona Babu hana saba?"

Binti yangu alikuwa amezitoa fimbo zote za gofu kwenye ule mfuko wa turubai uliofika kutoka Jinja mwezi uliopita pamoja na kabati la mama, akazipanga sakafuni kwa kufuata namba zilizochongwa chini ya vichwa vyake, kama anavyofundishwa kwenye mazoezi ya Jumamosi. Tatu, nne, tano, sita, kisha nane na tisa. Kati ya sita na nane aliacha pengo la upana wa kiganja, akawa analitazama kama mtu anavyolitazama pengo la jino. Nilimjibu kwamba saba ilipotea. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu ndani yake, na kwa kuwa yeye nimekwisha kumdanganya, afadhali niwaeleze ninyi.

Ilikuwa mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya shilingi yetu ya Uganda kukatwa sifuri mbili, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa. Baba alikuwa mkata nyasi katika uwanja wa gofu wa Jinja, ule ulio kando ya mto Nile, ambao kanuni zake za mahali humruhusu mchezaji kuuokota bila adhabu mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko. Wageni huicheka kanuni hiyo. Baba hakuwahi kuicheka, kwa sababu asubuhi aliyezifukia nyayo hizo kwa koleo alikuwa yeye. Fimbo zake alipewa na mchezaji mmoja aliyekuwa akihama nchi, zikiwa zimekwaruzika na kupungua, naye alizipiga jioni uwanja ulipokuwa mtupu. Hakuwa mchezaji hodari, lakini saba, fimbo ya umbali wa kati, aliijua. Kwa saba aliweza kuuinua mpira kutoka kwenye nyasi ndefu na kuulaza karibu na bendera mara nyingi kuliko ambavyo mtu angeitegemea bahati, na makedi, wale wabeba mifuko ya wachezaji, waliacha mazungumzo yao wakamtazama.

Kwetu Walukuba kila kitu cha mtoto kilinunuliwa kwa hesabu ya kesho. Viatu vya shule vilijazwa karatasi za gazeti mbele, kaptura ilikunjwa kiunoni ikafungwa pini, na sweta ilinifika magotini hadi siku iliponifika kiunoni, nikampisha mdogo wangu. Kwa hiyo baba aliponikabidhi ile saba yake nijifunzie kwenye kiwanja cha nyuma ya nyumba, nilipomwambia kuwa ni ndefu alinijibu neno lile lile la viatu: "Utaikulia." Mpini ulinifika kifuani. Niliushika katikati, sehemu iliyobaki ikawa inanichoma tumboni kila nilipozungusha mikono, na ncha ya kichwa cha fimbo ilisimama hewani kama pua ya mtumbwi ulioegeshwa Masese. Kwa wiki tatu nilipiga ardhi. Kisha mama, akiniogesha, akaiona alama ya duara juu ya kitovu, rangi ya zambarau, yenye ukubwa wa kizibo cha soda. Akamwita baba, akamwonyesha. "Huyu unamfundisha mchezo au unamchoma mkuki?"

Siku iliyofuata baba alinichukua hadi kwa fundi baiskeli, chini ya mwembe. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokataa kwenda haraka.

Alinisimamisha wima, akaisimamisha fimbo pembeni yangu, akapima kwa jicho hadi kwenye mfupa wa nyonga na kuweka alama ya chaki. Akafikiri. Akaifuta ile chaki kwa kidole, akaongeza vidole viwili juu yake, vidole vya kukua, akaweka alama nyingine. Fundi aliibana fimbo kwenye jiriwa akiwa ameizungushia kipande cha gunia ili isichubuke, jambo ambalo lilinishangaza hata wakati ule, kwa maana mtu anayekatwa mguu hafungwi kitambaa ili asikwaruzike. "Mzee, una hakika?" aliuliza. Baba alisema, "Kata." Msumeno ulianza kwa mlio mwembamba ulionitia ganzi kwenye meno, ukapenya kwanza mpira wa mshiko, mpira mweusi uliokauka ukamwagika kama unga wa kahawa, kisha ukakifikia chuma na mlio ukabadilika. Mpini wa chuma ni bomba tupu ndani, sikulijua hilo. Nilidhani fimbo ni nzima kama nondo. Ulipokatika, kipande cha juu kilianguka vumbini bila kishindo, nacho ndicho kilichokuwa na alama ya kidole gumba cha baba, bonde dogo linalong'aa ambalo mkono wake ulilichimba kwa miaka yote ile. Baba alikiokota, akaweka kidole gumba mahali pake, akakiondoa.

Fundi alilainisha ukingo kwa tupa, akabandua mabaki ya mshiko wa zamani na kuzungushia tyubu ya baiskeli mara nne tano. Alipoulizwa bei alikataa pesa. Aliomba kile kipande, kwa kuwa tupa yake haikuwa na mpini, na papo hapo akakipachika. Kilikaa sawasawa. Tangu siku hiyo, kila baba alipopeleka baiskeli yake ikarabatiwe, alikuwa akiutazama mshiko wake ukifanya kazi mkononi mwa mtu mwingine.

Tulirudi kiwanjani. Nilipiga mara moja, mpira ukatambaa kwenye nyasi hatua kama ishirini. Baba aliniuliza, "Inakutosha?"

"Inanitosha sana, Baba."

Haikunitosha. Leo ninaweza kueleza ni kwa nini, ingawa siku ile nilijua kwa mabega tu. Ukiifupisha fimbo ya mtu mzima umepunguza urefu peke yake. Kichwa cha saba ya kiume kina uzito wa takribani gramu 270, na msumeno haukukigusa. Mtoto anayekibeba hana nguvu mikononi ya kukizungusha, hivyo hukivuta kwa mgongo, akaegemea nyuma, viwiko vikakunjika, na mpira usiinuke. Mpini nao, ambao kazi yake ni kupinda kidogo na kurudi, ukikatwa namna ile hukakamaa kama bomba la maji. Na ile tyubu, jamani, ilifanya mshiko kuwa mnene hata vidole vyangu havikukutana. Fimbo za watoto zinazotengenezwa leo huwa na kichwa chepesi, mpini laini, mshiko mwembamba na uso uliolala zaidi ili mpira upande hewani kwa urahisi. Wala mtoto hahitaji zile 14 ambazo sheria humruhusu mchezaji kubeba. Nne au tano zinamtosha kabisa. Baba angeyajulia wapi hayo, na hata kama angeyajua, angezinunua wapi?

Niliichapa ile fimbo fupi kwa miaka miwili, nikimwonyesha furaha kila alipotazama. Nilipokwenda shule ya bweni mama aliifanya ya kusukumia mkaa jikoni, na baada ya hapo sijui ilikoishia. Baba yeye aliendelea kucheza kwa mfuko wenye pengo. Akifika ule umbali wa saba alisimama, akagusa sita, akagusa nane, kisha akachagua moja na kuikosa bendera, ama kwa kuupitiliza mpira ama kwa kuufupisha. Makedi wakampa jina la Mzee Ruka Saba. Alilipokea jina hilo vizuri kuliko nilivyolipokea mimi. Sijawahi kuamua kama nilipaswa kumwambia ukweli siku ile kiwanjani. Chuma kilikuwa kimekwisha kukatwa.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye duka moja hapa Kampala. Muuzaji, kijana mpole, hakuuliza umri. Alimvua viatu akampima kimo, sentimita 121, kwa sababu seti za watoto hupangwa kwa urefu wao na hupandishwa hatua kwa hatua kila mtoto anapoongezeka sentimita saba au nane. Alituwekea mbili mezani, ile ya kimo chake na ile ya hatua inayofuata, ambayo ingemfaa kwa muda mrefu zaidi kwa bei ile ile. Nami, mtoto wa viatu vya gazeti, niliomba tuanze na kubwa.

Binti yangu aliishika, akasimama kama alivyofundishwa. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa amenisikia nikizungumza kwenye simu kuhusu karo ya muhula.

"Inaku..."

"Inanitosha, Baba," akasema.

Muuzaji alikuwa amenieleza kwamba mtoto akisimama vizuri, chini ya kichwa cha fimbo panatakiwa pawe karibu sambamba na sakafu, na kwamba sarafu moja au mbili zikipita chini ya ncha si neno. Nilipiga goti, nikatoa sarafu za shilingi 500. Ya kwanza ilipita. Nikaweka ya pili juu yake, nayo ikapita. Ya tatu ilipita bila kukigusa chuma, na huku juu binti yangu akiwa bado anatabasamu, viwiko amevibana mbavuni, nikabaki pale chini nikiitafuta ya nne mfukoni.