Kusoma Tena Baada ya Kiharusi Kuninyima Upande wa Kushoto

Kiharusi kilichonipata hakikuupinda mdomo wala kuulegeza mkono. Kilichopotea ni upande wa kushoto wa kila nilichokitazama, na kwa kuwa mahali pake hapakuja giza wala ukungu, niliamini kwamba miwani yangu imepungua nguvu.

Dalili zilikuwa wazi kwa waliokaa nami. Nilikuwa nikigonga bega la kushoto mlangoni, nikiacha wali upande mmoja wa sahani, na kuulizia mboga iliyokuwa mbele yangu. Ndugu yangu wa Pangani aliponiandikia "hatutafika kesho", mimi nilisoma "tutafika", na samaki wa wageni wakanunuliwa.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinikalisha mbele yake umbali wa kama mita 1, akaniziba jicho moja, akaniambia nimtazame puani bila kuhama huku akichezesha kidole pembeni, juu na chini, kulia na kushoto. Kisha akaniziba jicho la pili na kurudia. Macho yote mawili yalikikosa kidole kila kilipokuwa kushoto. "Baba, hili si la miwani," akasema, na tukaondoka wakati uleule kwenda hospitali. Jicho likiugua lenyewe, hasara hubaki kwa jicho hilo. Macho yote mawili yakipoteza upande uleule, jeraha mara nyingi liko nyuma yake, ndani ya ubongo, ambao nusu yake ya kulia hupokea habari za kushoto kutoka kila jicho. Picha ya CT ilionyesha jeraha upande wa kulia, kisogoni. Baadaye nilipimwa kwa mashine ambayo mgonjwa hukazia macho nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila aonapo mwanga, nayo ikachora ramani ya sehemu ninayoona na nisiyoona.

Daktari alinitaka pia niugawe mstari katikati na kuchora saa ya ukutani. Alieleza kwamba wapo wagonjwa ambao macho yao yanaona kushoto lakini ubongo haukujali, na wengi wao hawatambui kwamba kuna kitu wanakikosa. Mimi baada ya kupimwa nilitambua, na anayetambua hufundishika mapema kugeuza macho na kichwa kuelekea upande uliopotea.

Kusoma ndiko kulikonitaabisha zaidi, na ndiko nilikokupigania kwa moyo wote. Katika Kiswahili, mwisho wa mstari niliuona vizuri, lakini jicho liliporudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata lilitua katikati, na silabi za mwanzo wa neno, ambazo kwetu ndizo zinazobeba ukanushi na nafsi, zikaachwa. Nilibandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, nikajiwekea sharti la kutotamka neno kabla sijauona wekundu huo, huku rula ikikaa chini ya mstari. Msahafu ulikuwa na taabu ya kinyume: mwanzo wa mstari, ulio kulia, niliupata bila shida, lakini maneno yanayofuata yalikuwa katika upande nisiouona, hivyo kila neno lilinijia peke yake. Hapo utepe haukufaa kitu. Kilichofaa ni kidole kutangulia kushoto na jicho kukifuata, nikianza na sura fupi ninazozihifadhi ili ulimi ulisaidie jicho.

Barabarani, kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, hatari ya kwanza ya mvukaji hutoka kulia, nako naona. Hatari yangu huanza nikifika katikati, na hapo husimama, nikageuza kichwa chote kushoto hadi kidevu kikaribie bega, ndipo niendelee.

Kwa majuma kadhaa niliona pia maua na nyuso katika sehemu ile iliyopotea. Jirani alizungumzia majini. Daktari alieleza kwamba ubongo uliokosa habari za macho huweza kujitengenezea picha, na zikatoweka zenyewe.

Kipimo cha marudio baada ya miezi 3 kilionyesha kwamba kipande cha chini kimerudi, na sikufichwa kwamba sehemu kubwa ya nafuu ya aina hiyo huja katika miezi hiyo ya mwanzo. Kuendesha gari nimeacha. Kijana wangu ndiye anayeendesha, nami huketi kushoto kwake, ili awe upande ninaouona tunapozungumza.