Leza haikati kona ya mbali? Usikimbilie skrubu za vioo

Kuna dalili moja ambayo kila mwenye mashine ya leza ya CO2 atakutana nayo mapema au baadae. Kazi inakata safi kabisa kona iliyo karibu na tyubu (bomba linalotoa mwale), alafu kadri kichwa, yaani sehemu yenye lenzi, kinavyoenda mbali mkato unazidi kuwa dhaifu, mpaka kona ya mwisho kipande hakitoki, kimeng'ang'ania. Wengi hapo wanapandisha pawa au wanapunguza spidi. Siku hiyo kazi itatoka, ila tyubu unaichosha bure kwasababu pawa ipo, shida ni kwamba haifiki pale, mwale unagonga ukingo wa kioo au ukingo wa tundu la kichwa na sehemu yake inaishia kupasha chuma moto.

Sasa kabla hujashika bisibisi naomba unisikilize hapa. Vioo viwe vya mwisho, navyo ni vitatu vinavyopokezana mwale: cha kwanza karibu na tyubu, cha pili kwenye reli, cha tatu kichwani juu ya lenzi. Anza na mitambo yenyewe, kwasababu kioo cha pili kimefungwa kwenye ile reli inayobeba kichwa, na reli ikiwa imekaa upande hata kidogo basi kioo nacho kimegeuka, utaset vizuri leo na kesho ukirekebisha reli kila kitu kimehama. Chora kwa leza mraba wa milimita 300 kwa 300 kwenye kadibodi, upime kona kwa kona kwa mshazari, pande zote mbili zinatakiwa zilingane na zije karibu milimita 424. Zikitofautiana ujue reli haijakaa mraba, mara nyingi mkanda wa upande mmoja umeruka jino. Shika pia reli kwa mikono mashine ikiwa imezimwa, itikise taratibu, sikiliza kama kuna kitu kinacheza. Zile skrubu ndogo zinazobana pulei kwenye shafti ya mota zinalegea kimyakimya na zinaleta matatizo ambayo utadhani ni ya programu.

Na kuna lile tatizo la maandishi kutoka na kingo zenye meno kama kitana, mstari mmoja umeingia kulia unaofuata umeingia kushoto. Hilo halihusiani na vioo kabisa. Mashine inachonga ikienda na ikirudi, na kuna ucheleweshaji mdogo kati ya amri na mwale kuwaka, kwahiyo mistari ya kwenda na ya kurudi haikutani, na spidi ikipanda inazidi kuachana. Angalia kwanza mkanda usiwe umelegea, ukishajiridhisha ndo uingie kwenye programu, mfano LightBurn ina jedwali la kusahihisha hilo kwa kila spidi. Vioo usiviguse.

Tuje kwenye vioo sasa, ila macho kwanza. Mwale wa CO2 una urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, hauonekani hata kidogo, hakuna rangi ya kukushtua. Vaa miwani iliyoandikwa kabisa kwamba inazuia 10,600, ile ya leza za bluu za nanomita 450 usiihesabu kama kinga hapa. Usiweke mkono wala uso kwenye njia ya mwale, na usiguse nyuma ya tyubu bila kuchomoa umeme na kusubiri, kule kuna maelfu ya volti.

Safisha kwanza vioo na lenzi kwa alkoholi ya isopropili na karatasi laini ya lenzi, usifute kwa shati. Lenzi nyingi ni zinki selenaidi, ni laini na vumbi lake ni sumu, kwahiyo ikipasuka usishike kwa mikono mitupu. Ukiirudisha, upande uliobinuka unatazama juu, mwale unakotokea.

Kipimo chenyewe ni tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Bandika mbele ya kioo cha pili, ishike fremu isilale juu ya kioo, maana ukipiga mwale moshi wa gundi unaganda kwenye kioo. Weka pawa ndogo sana, piga mara moja kwa kifupi. Unachotafuta ni doa dogo la kahawia, duara, lenye kingo safi. Likitoka kama nusu mwezi mwale umeshakatwa njiani kabla haujafika, rudi nyuma uangalie kioo cha kwanza kinapigwa wapi.

Hapa ndo penye siri yote. Piga doa la kwanza reli ikiwa karibu na tyubu, sogeza reli mpaka mwisho wa mbali, piga doa la pili kwenye tepu ileile. Yakilala moja juu ya lingine mwale unakwenda sambamba na reli, hata kama hayako katikati ya kioo. Yakiachana, unageuza skrubu za kioo cha KWANZA mpaka doa la mbali lifuate doa la karibu. Sio kulipeleka katikati ya kioo, watu wengi wanakwama hapa wanazunguka siku nzima, wanaweka la mbali katikati, la karibu linakimbia, wanaweka la karibu katikati, la mbali linakimbia. Skrubu inabadilisha pembe tu. Kama madoa yamekutana lakini yamekaa juu au pembeni, unachosogeza ni kitu chenyewe, tyubu ipande au ishuke, kishikio cha kioo kiende mbele au kirudi nyuma, alafu unarudia kipimo. Usitafute katikati kwa skrubu.

Geuza robo mzunguko tu, piga, tazama doa limeenda wapi. Skrubu moja itapeleka juu na chini, nyingine kulia na kushoto, chora mishale kwa maka penye fremu usije kukisia tena mara nyingine. Ukimaliza kaza nati za kufungia alafu piga tena, kwasababu kukaza tu kunaweza kuhamisha doa na utaliona kwa macho yako.

Kioo cha pili mchezo ni uleule, ila tepu sasa iko kwenye tundu la kichwa na unasogeza kichwa kushoto kulia. Kisha pita kona zote nne. Kona nne doa moja, ndo unajua umefika.

Kioo cha tatu watu wanakisahau kabisa, na ndicho kinaleta mikato iliyolala. Kata mraba kwenye akriliki nene uangalie kingo. Zote nne zikiwa na mteremko mdogo unaofanana hiyo ni tabia ya fokasi (pale lenzi inapokusanya mwale), usihangaike nayo sana. Lakini kama ukingo wa kushoto umelala kulia na wa kulia nao umelala kulia, mwale haushuki wima. Toa lenzi, weka tepu kwenye bedi (meza ya kuwekea kazi), piga bedi ikiwa juu, ishushe, piga tena, doa la chini lifuate la juu. Mashine ambayo kioo cha tatu hakina skrubu unaweka vibati vyembamba chini ya kichwa.

Mkato ukiendelea kusumbua kona moja na madoa yote yako sawa, pima urefu kutoka kichwa mpaka bedi kwenye kona zote. Bedi iliyoinama inadanganya sana, unafikiri ni vioo kumbe ni fokasi imepotea upande mmoja.

Ile taa nyekundu ya kuonyeshea iache ya mwisho. Piga doa moja kwenye kadibodi kwa urefu uleule wa fokasi unaotumia kazini, alafu sogeza taa ianguke juu ya doa. Zile zilizofungwa pembeni ya kichwa zinakuja kwa mshazari, kwahiyo kama huwa husogezi kichwa wala bedi kulingana na unene wa mbao, ujue ukibadilisha mbao na taa nayo imehama.