Kiti cha 22

Februari moja mjini Basel, Uswisi, ndani ya kanisa la mawe lisilopata joto, tulifanya mazoezi ya mwisho ya Simfoni ya Pili ya mtunzi Arthur Honegger. Kazi yangu ilikuwa noti, yaani karatasi za muziki, na viti. Viti 21 vilikuwa vya nyuzi: fidla za kwanza 6, za pili 5, viola (fidla kubwa kidogo) 4, chelo 4, besi 2. Kiti cha 22, cha tarumbeta, ndicho kilichotutoa jasho.

Honegger aliikamilisha 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Aliyeiagiza ni kondakta Paul Sacher, kwa ajili ya okestra yake ya hapa hapa Basel. Kwa dakika 25 hivi unasikia nyuzi tu. Tarumbeta huingia mwishoni kabisa, katika wimbo mpana wenye mwendo wa tenzi za Kilutheri, ikienda sambamba na fidla za kwanza. Ni ya hiari, lakini mimi sioni raha ya kuiacha.

Viola zilitaka penseli zaidi kuliko maelezo. Sehemu ya kwanza huwapa wapigaji wake kipande kifupi cha wimbo wakirudie na kukirudia. Kila mtu akivuta upinde atakavyo, mkazo hutawanyika. Niliweka alama za kushusha na kupandisha upinde kwenye nakala zote nne. Penseli laini, maana noti zilikuwa za kukodi na hurudishwa safi.

Tarumbeta tuliipandisha roshani ya nyuma, sauti ishuke kutoka juu. Kosa. Kutoka pale hadi kwenye fidla ni kama mita 17, na sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde: ikachelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde, ingawa mpigaji aliufuata mkono wa kondakta barabara. Fidla zikajaribu kumngoja, wimbo ukavutika.

Tena sauti yake ilikuwa chini kidogo ya inavyotakiwa. Chombo cha shaba kikikaa kimya muda wote huo kwenye baridi, hewa iliyomo hupoa na sauti hushuka. Pamoja na fidla tofauti hiyo haifichiki, sauti mbili zinapigana kama nzi chupani. Akiilazimisha ipande kwa midomo, inakuwa kali.

Tukamshusha, akakaa nyuma ya fidla za kwanza, mdomo wa tarumbeta ukielekea pembeni usiwapulizie masikioni. Sehemu ya tatu ilipoanza alishika kidomo cha kupulizia kiganjani, kisha akakirudisha na kupumua hewa ya moto ndani, kimyakimya. Kondakta alimtaka azinenepeshe fidla tu, asizizidi.

Onyesho lilipokwisha nilikusanya noti na kuanza kufuta. Kwenye karatasi ya tarumbeta, juu ya sehemu ya tatu, alikuwa ameandika "joto!" na kupiga mistari miwili chini yake, kwa kalamu ya wino.