Nilivyoweka akiba ya wiki nzima kabla ya dhoruba ya theluji ya Buffalo

Wiki ya Krismasi ya mwaka 2022, kabla hata theluji haijaanza kuanguka, wataalamu wa hali ya hewa wa hapa Buffalo, jimbo la New York, walitangaza kwamba dhoruba inayokuja ni ya aina ambayo kizazi kimoja huishuhudia mara moja tu. Wenyeji wazee walianza kuitaja ile ya 1977, ambayo mpaka leo inasimuliwa mtaani. Sisi tuliotoka Kongo tukapitia Kigoma hatukuwa na dhoruba ya kulinganisha nayo. Ila kuna kitu tulikijua vizuri: kuishi kwa chakula cha kupimwa, bila kujua kingine kitafika lini.

Nililelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania. Mgao ulitoka kwa mwezi: unga wa mahindi, maharage au mbaazi, mafuta, chumvi, na unga wa uji wa watoto. Siku ya mgao kila nyumba inacheka. Kazi inakuja mwezi unapokatika. Mama yangu akirudi na mzigo kichwani alikuwa hawashi moto kwanza. Anatandika kanga chini, anachukua kopo, anapima. Hili la kila siku, hili la mgeni, na hili halishikwi na mtu, kwa sababu malori yanaweza kuchelewa. Hesabu hiyo ndiyo niliyoingia nayo dukani hapa Marekani, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza ndugu zangu wanaofika huku sasa, kwa maana karatasi za maelekezo ya dharura tunazogawiwa hazikuandikwa kwa kufikiria jiko letu.

Karatasi zinasema: vyakula vya makopo, biskuti, maji galoni moja kwa mtu kwa siku, yaani karibu lita 4, vyote vya siku 3. La maji nakubali kabisa. La siku 3 sikulikubali tangu mwanzo, na niliwaambia hivyo wanawake wenzangu kanisani. Buffalo iko kwenye ncha ya Ziwa Erie. Majira ya baridi yanapoanza, maji ya ziwa bado yana joto kuliko hewa na hayajaganda. Upepo wa baridi ukivuma kwa urefu wa ziwa lote unabeba unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga kama theluji, na madhali upepo haujageuka, mtaa uleule unaendelea kufunikwa. Dhoruba ya namna hiyo haina adabu ya kuisha siku ya tatu. Nikapanga siku 7.

Tatizo la kwanza lilikuwa tarehe. Familia nyingi za kwetu zinakula kwa kadi ya msaada wa chakula, na katika jimbo hili, nje ya Jiji la New York, pesa huingia ndani ya siku 9 za mwanzo wa mwezi kufuatana na namba ya faili lako. Dhoruba ilitabiriwa Ijumaa tarehe 23. Tarehe hiyo kadi nyingi zimeshakauka. Kwa hiyo akiba ya dhoruba ya mwisho wa mwezi hununuliwa mwanzo wa mwezi, basi. Kuanzia Novemba nilikuwa nikipata pesa za kadi naondoa kwanza cha dharura: mfuko wa mchele, mfuko wa unga, chupa ya mafuta, siagi ya karanga, samaki wa kopo, maziwa ya unga. Vinaingia chini ya kitanda cha mama mkwe, na yeye ndiye mlinzi wake. Hakuna mtoto anayethubutu.

Kadi ile hainunui nepi, betri, sabuni, wala chumvi ya kuyeyusha barafu. Hivyo ni vya pesa taslimu. Ndiyo maana nasema usimalize pesa zako za mkononi kwenye vyakula ambavyo kadi ingeweza kuvilipia. Mtu anafika Desemba ana nyama kwenye friza na hana hata tochi.

Sasa nije kwenye moto, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Chakula chetu karibu chote kinaanzia kwenye maji yanayochemka. Maharage makavu yanataka saa nzima na zaidi. Ugali hauliwi ukiwa unga. Sombe, yaani kisamvu, ya kugandishwa ni lazima ichemke vizuri. Mtu anaweza kuwa na chakula cha mwezi ndani ya nyumba na bado akashinda njaa kwa sababu umeme umekatika na jiko lake ni la umeme. Kwa hiyo niligawa akiba yangu mafungu matatu: kinacholiwa kama kilivyo, kinachotaka kupashwa tu, na kinachotaka kupikwa kutoka mwanzo. Fungu la kwanza nililifanya litoshe siku 3 zote kwa watu saba. Mkate, karanga, ndizi, machungwa, samaki wa kopo, siagi ya karanga. Na kifungua kopo cha mkono, tafadhali, kile cha kuzungusha.

Jiko letu ni la gesi. Nilishajaribu mapema kuwasha sehemu za juu kwa kiberiti, zikawaka, kwa hiyo nilijua umeme ukikatika bado nina moto wa kupikia. Lakini joto la nyumba ni habari nyingine. Hita yetu inachoma gesi, ila feni inayosukuma hewa ya moto vyumbani inatumia umeme. Umeme ukienda, gesi ipo na baridi inaingia. Ghorofa ya juu anaishi mzee mmoja Mrundi, peke yake, na jiko lake ni la umeme. Nilipanda kumwona Jumatano.

"Mzee, umeme ukikatika utakula nini?"

"Binti yangu, nina mchele, nina na maharage."

"Vyote vibichi, baba. Vilete chini tupike pamoja, na wewe mwenyewe ukisikia baridi ushuke. Usingoje kuitwa."

Aliviteremsha jioni ileile, pamoja na blanketi zake mbili nzito, na nilifurahi kuziona kuliko mchele.

Jumatano hiyo madukani msongamano ulikuwa mkubwa. Rafu za mkate na maziwa zilikuwa nyeupe. Watu wa hapa wakisikia dhoruba wanakimbilia mkate, maziwa na mayai. Mimi nilipitia maduka ya Waafrika na Waasia hapa West Side, upande wa magharibi wa mji, na unga wa mahindi ulikuwa umejaa mpaka juu, dagaa wapo, maharage ya njano yapo, na mwenye duka ana nafasi ya kukusalimia. Hatuna gari, kwa hiyo nilivuta toroli ya magurudumu mawili, mizigo mizito chini, mayai mkononi. Dawa nilishazichukua mapema. Mama mkwe anatumia za shinikizo la damu, na nilipiga simu duka la dawa siku ya kwanza niliposikia utabiri, kwa sababu bima nyingi hukubali kujazwa tena siku chache kabla dawa hazijaisha. Mtu wa sukari au wa presha aanze hapo, kabla ya kuwaza unga.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupika, na kwangu ndiyo siku iliyotuokoa. Maharage nilikuwa nimeyaloweka tangu usiku. Asubuhi nikaweka sufuria mbili kubwa, moja na vitunguu na mafuta ya mawese, nyingine ya chumvi tupu ili iweze kubadilishwa. Yalipoiva nikayaacha yapoe, nikayapakia kwenye mifuko ya plastiki ya kufunga, kila mfuko mlo mmoja wa nyumba nzima, nikaubonyeza ukawa bapa kama daftari. Mfuko bapa unaganda haraka, unapangika, na ukija kuupasha hautumii gesi nyingi. Mchana binti yangu mkubwa alikanda unga wa chapati, mimi nasukuma, mama mkwe anageuza. Chapati wengi wanaijua ikiwa moto, lakini ile iliyokandwa kwa mafuta ya kutosha na kufungwa kwa kitambaa mara inapotoka jikoni, kesho yake bado inakunjika bila kuvunjika. Hicho ndicho chakula cha dhoruba. Tulijaza ndoo ndogo yenye mfuniko. Juu yake mandazi, ambayo yanavumilia siku kadhaa.

Friza ilibaki na mapengo, nikayajaza chupa za maji, sikuzijaza mpaka juu ili zisipasuke zikiganda. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi yake kama saa 48 bila umeme. Iliyojaa nusu ni saa 24 tu. Friji ya kawaida ni saa 4. Kwa hiyo tulikubaliana: umeme ukikatika tunakula kwanza cha friji, friza haiguswi mpaka cha friji kiishe.

Maji nilijaza madumu, sufuria zote tupu, na bafu la kuogea kwa ajili ya choo. Usiku niliacha bomba la jikoni, lililo kwenye ukuta wa nje, lidondoke kidogo kidogo, kwani maji yanayotembea hayagandi upesi kama yaliyosimama.

Mkaa hatukununua. Nalisema kwa mkazo maana nimesikia mtu akiuliza kama jiko la mkaa linafaa kuota moto ndani. Halifai. Kule kwetu nyumba ina nafasi za hewa kwenye paa na madirisha. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, na gesi ya kaboni monoksidi, sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala rangi. Mtu analala na haamki. Oveni ya gesi nayo si ya kupasha joto chumba. Tulibadilisha betri za alamu ya kaboni monoksidi, na mume wangu akaniahidi kwamba kila upepo ukitulia kidogo atakwenda kuangalia bomba la hita linalotokea ukutani nje lisifunikwe na theluji. Ahadi hiyo aliitimiza kwa kujifunga kamba kiunoni, ncha nyingine nimeishika mimi mlangoni.

Ijumaa asubuhi ilianza na mvua, ghafla ikageuka theluji, na baridi ikashuka ndani ya saa chache mpaka chini kabisa ya sifuri. Saa tatu na nusu asubuhi kaunti ilipiga marufuku magari barabarani. Upepo ulipita kilomita 110 kwa saa. Nyumba ya ng'ambo ya barabara hatukuiona. Hali hiyo ilikwenda saa 37 mfululizo bila kupumua, na hadi dhoruba inaisha uwanja wa ndege ulikuwa umepata theluji ya karibu sentimita 130. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yenyewe yalikwama. Katika eneo hili walikufa watu zaidi ya 40, wengine ndani ya magari yao, wengine wakitembea kwa miguu, wengine ndani ya nyumba zilizokosa joto. Baadhi walitoka kutafuta chakula. Nikiwaza hilo mpaka leo moyo unauma, na ndiyo sababu ninaandika haya.

Umeme wetu ulikatika Jumamosi. Mzee alishuka mwenyewe, hakungoja kuitwa. Tulihamia wote chumba kimoja, kile cha katikati ya nyumba, tukatundika blanketi madirishani na kuweka taulo chini ya mlango. Tulikula cha friji, kisha chapati na samaki. Chai niliichemsha mara moja asubuhi nikaifunga kwenye chupa mbili za chai, ikafika usiku. Krismasi tulikula maharage ya mawese yaliyopashwa, mandazi, na machungwa, watoto wakaimba nyimbo zote wanazozijua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mzee akatuongoza kwa Kirundi. Umeme ulirudi usiku huo. Friza nilipoiangalia, mifuko ya chini ilikuwa bado migumu kama jiwe.

Watu walidhani umeme ukirudi mambo yamekwisha. Hapana. Mitaa yetu midogo ilikuwa haijasafishwa, mabasi hayatembei, maduka mengi yamefungwa, na yaliyofunguliwa yana foleni na rafu tupu kwa sababu malori nayo hayakuingia. Marufuku ya magari mjini iliondolewa usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 29. Hesabu mwenyewe kutoka Ijumaa. Fungu langu la tatu, lile la kupikwa, ndilo lililotufikisha huko, na likabaki la kumpelekea mama mmoja mtaa wa pili aliyekuwa na mtoto mchanga: mchele, maziwa ya unga na nepi. Mume wangu alizipeleka kwa miguu, begi mgongoni.

Siku hizi kikundi chetu cha wanawake kinafanya hesabu hii pamoja mwezi wa kumi. Tunaandika kila nyumba ina watu wangapi, nani ana jiko la umeme, nani ana dawa za kila siku, nani anaishi peke yake, na nyumba ipi ya jirani mwenye gesi atakayokwenda. Chumvi ya barafu na beleshi tunanunua hapo hapo, kabla bei haijapanda. Nyumba yenye kadi ya chakula inaanza kutenga mwezi wa kumi na moja, kidogo kidogo, kitu kimoja au viwili kila mwezi. Familia mpya ikifika, mmoja wetu anakwenda nayo jikoni kwao, anawasha jiko lao kwa kiberiti mbele yao, ili wajue wana moto wa aina gani.