Nimejichora hina, nikaenda Kariakoo kutafuta kamera

Kazi yangu ni kuchora hina na piko hapa Bagamoyo. Zamani bibi harusi alimuuliza shangazi yake nani anachora vizuri. Siku hizi anaomba picha, tena usiku huohuo, kwa WhatsApp. Simu yangu mchana haina neno, lakini hina huchorwa usiku, chumbani, chini ya taa moja ya dari, na hapo simu inaanza kulainisha ngozi yenyewe. Mistari niliyoiinamia mpaka shingo ikauma inaungana, majani ya maua yanageuka madoa. Kazi nzuri inaonekana mbaya, na hilo linaniuma kweli. Kwa hiyo natafuta DSLR yangu ya kwanza, ile kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha.

Bajeti ni laki nane, basi ni kamera iliyotumika, na sioni ubaya. Tangu 2018, Canon na Nikon walipoingia kwa nguvu kwenye kamera zisizo na kioo ndani, wapiga picha wengi wanahamia huko na kuuza za zamani zikiwa bado na uhai mrefu.

Kabla ya kupanda gari la Makumbusho nilijichora mkono wa kushoto, mchoro wa kubana, kuanzia vidole mpaka kifundo. Niliona ndiyo njia ya haki ya kulinganisha: kila duka mkono uleule na memori kadi yangu mwenyewe. Halafu kamera ukiishika kwa mkono wa kulia peke yake, uzito wake haujifichi.

"Dada, hii ina megapikseli ishirini na nne, ile kumi na nane tu."

"Sawa kaka, niwashie zote mbili."

Kumi na nane zinatosha kuchapisha picha ya A4 bila kuvunjika, na WhatsApp itaziminya zote vilevile. Kilichozitenga kwangu ni umbali. Kila lenzi ina kikomo cha ukaribu. Ukikivuka, fokasi haishiki. Canon 50mm f/1.8 STM, ambayo kila mtu ananihimiza nianze nayo, kikomo chake ni sentimita 35 kupimia kwenye sensa, yaani kile kibapa cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Lenzi ya 18-55 STM, ile inayokuja na kamera na watu wanaidharau, inavutika kutoka milimita 18 mpaka 55, na inashika kuanzia sentimita 25. Nilipoivuta mpaka 55 na kusogea, kiganja kikajaa picha nzima. Nikakuza kwenye skrini: mstari mmoja mmoja, hata pale hina ilipopasuka kidogo ilipokauka. Nilifurahi waziwazi, nikamwonyesha na mteja wa jirani.

Hasara yake naijua. Ikiwa 55, tundu lake la kupitisha mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa hiyo ile ya f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara tisa. Lakini bibi harusi wa hina hachezi, ametulia mikono juu ya mto. Naweza kumsogezea taa ya pembeni. Ningekuwa napiga picha za ngoma jukwaani pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo, ningechagua vingine kabisa.

Nikon D3300 niliipenda, nyepesi na rangi zake tamu. Ila bodi yake, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haina mota ya fokasi, na 50mm ya bei rahisi waliyokuwa nayo ilikuwa ya aina ya D, inayotegemea mota ya bodi. Ningezungusha fokasi kwa mkono kila picha. Nikairudisha.

Majina nayo yaangalieni. Canon 700D, Rebel T5i na Kiss X7i ni kamera ileile: la pili ni jina la Marekani, la tatu la Japani. Duka moja lilikuwa na 700D na Kiss X7i kwenye kabati moja, bei mbalimbali. Ya Kiss ilikuwa chini, na menyu yake ina Kiingereza.

Aliyenisaidia kuliko wote ni fundi mmoja mzee, ghorofani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakaa wapi?"

Nilipomwambia Bagamoyo akaniomba simu, akawasha tochi, akaimulika lenzi kutokea nyuma. Ndani kukaonekana nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fangasi. Hustawi kwenye unyevu na giza, yaani kwenye mkoba uliofungwa kabatini, na sisi wa pwani unyevu tunao mwaka mzima. Akanionyesha pia skrubu zenye kutu, alama ya chumvi, akanifundisha kupiga ukuta mweupe kwa f/16 ili vumbi la kwenye sensa lijitokeze. Kuanzia hapo kila lenzi niliimulika kwanza, bei baadaye. Kadhaa nzuri kwa nje zilianguka hapo.

Ile Kiss X7i na 18-55 STM yake imefaulu yote. Chaja ina pini bapa, nitanunua adapta. Muuzaji yuko laki saba na nusu, mimi nimesimama kwenye sita na nusu, kwa sababu lazima ibaki hela ya taa, betri ya pili, na sanduku la plastiki lisilopitisha hewa la kuitunzia pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu. Ameniahidi kuishikilia mpaka Ijumaa.