Manjano ya Siku ya Tatu

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku tatu nilipomwona amebadilika rangi. Nilimlaza mapajani kando ya dirisha, nikambonyeza kipaji cha uso kwa kidole. Nilipokiondoa, ngozi ilibaki manjano. Nikamtazama macho, na weupe wake nao ulikuwa umegeuka. Sikungoja kesho, nilimkimbiza hospitali papo hapo, na mpaka leo nashukuru, kwa sababu manjano ikizidi sana kwa mtoto mchanga inaweza kuingia kwenye ubongo na kumdhuru.

Walimtoboa kisigino, wakapima damu, wakamlaza chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa kwa kitambaa. Mimi nikakaa pembeni nalia. Niliamini nimempa sumu tumboni.

Nesi wa zamu ya usiku alivuta kiti. "Mama, hii haikutoka kwako. Ni damu yake mwenyewe iliyochakaa."

Akanishika mkono, pale ilipochomwa sindano ya dripu wakati wa kujifungua. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi: katikati zambarau, pembeni kijani, ukingoni kabisa manjano. "Tazama. Kinachofanyika hapa ndicho kinachofanyika mwilini mwote kila siku, ila hapa unakiona."

Akanieleza taratibu. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima huishi siku 120 hivi. Haina kiini, kwa hiyo ikiharibika haiwezi kujitengeneza upya. Ikizeeka hukakamaa. Kwenye bandama kuna nyufa nyembamba kuliko chembe yenyewe. Iliyo laini hujikunja ikapenya, iliyokakamaa hunasa, na seli walaji huimeza. Madini yake ya chuma hayatupwi, hurudi kwenye uboho ulio ndani ya mifupa, yakatengeneze damu mpya. Masalia mengine hugeuka kijani, halafu manjano, na hiyo manjano ndiyo bilirubini. Ini huipokea, huitia kwenye nyongo, ikatoka na choo.

"Sasa huyu," akasema akimwelekea mwanangu, "amezaliwa na chembe nyingi, na za watoto wachanga hazidumu kama zetu. Ini lake bado halijazoea kazi. Taa inaibadilisha bilirubini umbo, ipate kutoka bila kulisubiri ini. Wewe mnyonyeshe tu, anyonye mara kwa mara, atoe choo."

Nilimnyonyesha usiku kucha, nikimtoa chini ya taa na kumrudisha. Nilikuwa nikiutazama ule mkono wangu, kisha namtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile sikuogopa rangi yake. Ilikuwa kazi inayofanyika ndani yake, imezidi nguvu kidogo tu.

Alfajiri nikafungua nepi. Choo chepesi, cha kijani kibichi, kimejaa. Nikamwita nesi aje aone, nami machozi yananitoka tena.