Arusha hadi Moshi na kipande cha 2x4

Kipande tulichokibeba kutoka yadi moja ya Arusha kilikuwa cha paina, bado kibichi, na muuzaji aliapa kimetoka West Kilimanjaro na "kina cheti". Cheti chenyewe kilikuwa TP, yaani hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Ni karatasi halali. Inasema mzigo ni wa miti gani, kiasi gani, unatoka wapi, unakwenda wapi na hati inakwisha lini. Msitu unatunzwaje, haisemi. Hilo ni la cheti cha FSC, shirika la kimataifa la viwango vya utunzaji wa misitu, na watu huvichanganya vyeti hivi viwili kila siku.

Coaster ya Moshi hadi Boma Ng'ombe, kisha Hiace ya Sanya Juu. Njiani tulipishana na malori ya mbao. Kwenye kizuizi cha ukaguzi barabarani kazi ni hesabu. 2x4, yaani inchi 2 kwa 4, ya futi 12 ina mita za ujazo 0.0189, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni mbao 53 hivi. TP ikiandikwa mita 10, lori libebe 530. Zikifika 690, dereva ana la kueleza.

Juu ya Sanya Juu ndipo lilipo shamba la miti la TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania: paina na saipresi kwa mistari. Ukizidi kupanda unaingia msitu wa asili, ambao tangu 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa hiyo mti wa asili kama mkulo uliokatwa mlimani humo hauna njia halali ya kufika yadi yoyote, hata ukipambwa kwa karatasi.

Kwenye mashine ya kupasulia, msumeno wa duara unakula kama milimita 6 kila mkato. Wa mkanda hula 2 au 3. Mikato kumi ya duara, sentimita 6 za gogo zimekuwa unga. Mbao zikitoka zinapangwa na vijiti vya inchi moja katikati ili hewa ipite. Paina ikilazwa bila vijiti, siku chache tu inatoka madoa ya bluu. Nguvu haipungui sana, bei ndiyo inayoanguka.

Hapo kwenye marundo ndipo cheti hufia. Cheti cha FSC cha msitu hudumu miaka mitano, na wakaguzi hurudi kila mwaka. Lakini kila anayenunua na kuuza tena lazima awe na cheti chake cha mnyororo wa umiliki, na atenge mbao zenye cheti na zisizo nacho. Mwenye lori anayebeba tu hahitaji. Dalali anayenunua na kuuza anahitaji. Vijiji vya Kilwa vilivyo chini ya MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, vimeuza mpingo wenye cheti cha kundi kilichopatikana 2009. Mpingo huohuo ukinunuliwa na kuuzwa tena na dalali asiye na cheti, mchonga vinyago wa Arusha hawezi tena kuuita wa FSC, hata kama gogo ni lilelile.

Kibandiko cha ukutani hakitoshi. Chukua namba inayoanzia FSC-C yenye tarakimu sita, itafute kwenye orodha ya FSC mtandaoni, angalia kama cheti kiko hai na kama aina ya mti na bidhaa unayonunua zimo. Kisha soma ankara: kwenye mstari wa mbao zako paandikwe "FSC 100%" au "FSC Mix", pamoja na namba ya cheti cha muuzaji. Pasipoandikwa, umenunua mbao za kawaida kwa bei ya sifa.

Moshi, fundi seremala aliweka tepu kwenye kipande chetu: inchi moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Kwa kipimo hicho mita moja ya ujazo inatoa mbao 69. Lori la 690 lina mita 10 kamili. Anayepunjwa ni mnunuzi aliyelipia 2x4.